Sweta la Kompyuta

Tangu kompyuta zivumbuliwe, wanadamu wamezipiga makofi, wamezitukana, wamezizima na kuziwasha, na wengine wamezitupa nje kupitia dirishani. Lakini mtu wa kwanza kuivalisha kompyuta sweta, kuifungia chupa ya maji moto ubavuni na kuipaka dawa ya kifua ni Jackton Ogola, jirani yangu wa Nyumba Namba Kumi na Saba, hapa kwenye nyumba za wafanyakazi juu ya mji wa Kericho. Niko tayari kuapa! Ukuta wetu ni mmoja, na dawa ile ilinitoa machozi hata mimi.

Ogola ni mkaushaji wa majani ya chai. Kwa miaka kumi na minane amesimama mbele ya mashine ya kukaushia kiwandani. Majani huingia upande mmoja yakiwa yamelowa, yakatoka upande wa pili meusi, makavu, yakinong'onezana. Katikati hapo, kwa maelezo yake, kuna moto na kuna Ogola.

"Mnakunywa chai," hutuambia, "lakini mnachokunywa hasa ni akili yangu!"

Jambo la pili analojivunia ni Kiswahili. Si hiki chetu cha huku bara, ambacho tunakiokota neno moja moja kama viazi vilivyosahaulika shambani. Chake ni sanifu. Alipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi aliamua kuisoma kamusi nzima, ukurasa kwa ukurasa, ili mameneja wasimzidi kwa lolote. Alifika herufi ya M. Kisha uchaguzi ukaja, akaangushwa, na kamusi akaifunga papo hapo. Hadi leo, neno likianza kwa herufi ya A mpaka M, usibishane naye.

Agosti hii mpwa wake Celine Amondi alikuja kukaa kwake wakati wa likizo. Celine anasoma mwaka wa pili chuo kikuu kule Kabianga. Ni msichana mpole wa maneno, lakini vidole vyake havina adabu kabisa. Katika mchezo wa mbio za magari wa mtandaoni alikuwa amewapita madereva wa kaunti saba, akaingia fainali. Aliyebaki mbele yake ni mmoja tu, Tabby wa Siongiroi, na fainali ilipangwa Jumamosi saa tisa mchana.

Mshindi angepanda ndege kwenda Kigali kuiwakilisha nchi. Celine hajawahi kupita Kisumu. Alikuwa tayari ameshapiga picha ya pasipoti, tena mara mbili, kwa sababu katika ile ya kwanza alitabasamu mno wakamwambia serikali haitaki meno.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Ilikuwa ya Ogola, ya mtumba, kasha kubwa jeusi lenye mlio wa posho mill ikisaga mahindi. Ndiyo iliyosajiliwa kwa mashindano, na mashine iliyosajiliwa haibadilishwi.

Alhamisi, Celine akiwa mazoezini, nilisikia ukelele kupitia ukutani.

"Uncle, imehang!"

Nilienda kuchungulia, kama jirani yeyote mwenye malezi mema. Kwenye skrini gari jekundu la Celine lilikuwa limesimama katikati ya kona kama ng'ombe aliyesahau alikokuwa akienda. Celine alibonyeza kila kitufe. Wapi!

Ogola alitoka jikoni na kikombe mkononi. "Ime-nini?"

"Imehang, Uncle. Imestuck tu, haisongi."

Ogola akaweka kikombe chini. Hiyo ni ishara kwamba hotuba imewadia. "Celine, kinachohang ni nguo kwenye kamba. Hii iko kwenye kamba?"

"Hapana, Uncle."

"Basi leta ile karatasi ya sheria tuone lugha inasema nini."

Sheria za mashindano zilikuwa zimeandikwa na refa mwenyewe, Mwalimu Kinyua, aliyefundisha Kiswahili hadi akastaafu. Ogola alisimama wima, akasoma kwa sauti ya kuapisha gavana: "Kompyuta ya mchezaji ikiganda mara tatu katika fainali, mchezaji huyo atahesabiwa kuwa ameshindwa."

Celine akahesabu kwa vidole. Mara tatu! Asubuhi ile peke yake ilikuwa imekwama mara nne.

Lakini Ogola hakuona hatari. Aliona neno, na lilikuwa neno la herufi ya G, yaani ndani kabisa ya himaya yake.

"Ikiganda!" akasema, uso ukawaka. "Umesikia utamu huo? Kiswahili kinakupa ugonjwa na dawa ndani ya mfuko mmoja! Mafuta ya kupikia hapa Kericho asubuhi huwa yanafanya nini?"

"Yanaganda."

"Kwa nini?"

"Baridi."

"Na anti yako huyafanyaje?"

"Anayaweka kwa moto."

"Kesi imekwisha!" Ogola akachukua kikombe chake. "Kompyuta inasikia baridi."

Wewe uliye mbali unaweza kucheka, lakini sisi tunaoishi huku hatukucheka mara moja. Ukungu wetu hutoka mashambani alasiri, hupita chini ya mlango bila hodi na kuketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Shuka huwa kama zimetoka kufuliwa sasa hivi. Kiberiti hukataa kuwaka. Mtoto akikohoa ni baridi, lori likigoma ni baridi, mtu akichelewa kazini ni baridi pia. Kompyuta ni nani hata isiguswe?

Nusu saa baadaye sweta lilikuwa limeshafika. Lilikuwa la buluu, zito, na mikono yake ilifungwa fundo nyuma ya kasha.

"Baba Shirley!" Dolphine, mkewe, alisimama mlangoni na ndoo ya maji. "Hiyo si sweta yangu ya kwaya?"

"Nimeliazima kwa ajili ya sayansi."

"Na Jumapili nitaimba nikivaa nini? Sayansi?"

Kabla ya sweta, kompyuta ilikuwa ikikwama kila baada ya dakika ishirini. Baada ya sweta ikawa inakwama kila baada ya dakika kumi. Mtu mwingine angeanza kushuku jambo. Lakini Ogola ni mkaushaji, na kiwandani majani yakitoka na unyevu huwezi kusema moto ulizidi. Unauongeza!

Ijumaa akaja na chupa ya mpira ya maji moto, akaifunga ubavuni mwa kasha kwa mkanda wake wa suruali. Siku nzima alitembea ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, kama waziri anayeshikilia wadhifa. Kisha akainama nyuma ya kasha na kutega sikio. Feni ya ndani ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote.

"Sikia!" akanong'ona. "Inahema. Hii ni nimonia!"

"Uncle, hiyo ni fan. Inatoa joto."

"Inatoa joto nje wakati yenyewe inakufa kwa baridi? Ndiyo maana inaganda, mtoto wangu! Joto lote linavujia hapa." Akachukua tambara na selotepu, akaziba tundu zote za nyuma, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa nesi. Halafu akapaka ile dawa ya kifua, mbele na nyuma.

Celine alikuja kuniona uani. Macho yalikuwa mekundu, sijui kwa dawa au kwa mawazo.

"Nimeuliza watu kwa group," akasema. "Wote wanasema mashine inapata moto sana ndio inahang. Nimwambieje Uncle?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akamwambia. Nilisikia jibu nikiwa nimesimama kando ya kamba ya nguo.

"Hao watu wako wapi?"

"Wengine Mombasa, wengine Malindi..."

"Ahaa! Kwao jua liko mpaka kitandani! Hapa ni Kericho, Celine. Kila mahali pana ugonjwa wake."

Angefanya nini msichana wa watu? Mashine ni ya mjomba, nyumba ni ya mjomba, na uji anaokunywa ni wa mjomba. Alirudi kwenye mazoezi akiwa amefunga pua kwa leso.

Jumamosi ilifika na mvua yake. Ogola alikuwa amealika watu kuja kuona ushindi wa familia, na tuliingia kumi na mmoja katika sebule yenye viti sita. Madirisha yalikuwa yamefungwa na kuzibwa kwa magazeti. Chini ya meza, karibu kabisa na kompyuta iliyovaa sweta, lilikuwepo jiko la makaa, jekundu, likicheka.

Dolphine alitia kichwa ndani, akaona, akausukuma mlango hadi ukagonga ukuta. "Mlango unabaki wazi! Sitaki kuita mchungaji kuzika watu kumi na watatu kwa sababu ya gemu!"

"Mama Shirley, unapoteza joto langu!"

"Na wewe umepoteza akili yako, nani amekuuliza?"

Mlango ukabaki wazi. Mgeni wa heshima alikuwa Nyang'au, mchochea moto wa boila kiwandani, mtu mkubwa, mwema, ambaye Kiswahili chake kina kiambishi kimoja tu cha kutumikia viumbe vyote. Aliketi akasema, "Bibi yangu imeenda soko, itakuja baadaye."

Ogola akamtazama kwa huruma ya msomi.

Saa tisa kamili spika zikakoroma. "Karibuni fainali," ikasema sauti kavu, iliyonyooka kama rula. "Mimi ni refa wenu, Mwalimu Kinyua. Mbio ni tano, mshindi ni atakayechukua tatu. Vipaza sauti vibaki wazi wakati wote. Wasikilizaji ni mia mbili na kumi. Kompyuta ikiganda mara tatu, mnajua sheria."

"Sasa Celine," ikaingia sauti ya pili, changamfu, ya Tabby. "Umekunywa chai? Leo utakula vumbi langu mpaka ushibe."

"Wacha mdomo, tuendeshe," akajibu Celine, na vidole vikaanza.

Ah! Mbio za kwanza alizichukua kama anaokota kitu chake kilichoanguka. Sebule ikapiga makofi. Ogola akainama, akaongeza makaa. "Mmeona kazi ya moto!"

Mbio za pili, kwenye kona ya mwisho, Celine akiwa mbele, gari jekundu likasimama. Gari la Tabby likalipita likipiga honi.

"Imeganda mara ya kwanza," akasema refa.

"Baridi ya mvua," akasema Ogola, akaongeza makaa. Koti lake la kazini lilikuwa limelowa jasho hadi mfukoni, lakini hakulivua. Mkaushaji havui koti mbele ya moto, ni kama padri kuvua kanzu.

Mbio za tatu likasimama tena, mapema zaidi.

"Mara ya pili," akasema refa. "Tabby mbili, Celine moja. Mapumziko ya dakika kumi."

"Hello, Celine," akasema Tabby, "hiyo gari yako imelala? Nikuletee mto?"

Celine aliitazama skrini. Akamgeukia mjomba wake. "Uncle, tafadhali. Ikikwama mara moja tu tena, Kigali imeenda. Tutoe hizi vitu."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Ogola anasita. Alimtazama mpwa wake, akatazama jiko, akatutazama sisi wageni kumi na mmoja tuliokuwa tukitokota kama viazi. Miaka kumi na minane ya moto ilisimama nyuma yake ikimsukuma.

"Nyang'au," akasema, "nipe makaa yale yaliyobaki. Yote! Nitawaonyesha leo kwamba joto ni..."

Hakumaliza. Alisimama vile vile, kidole juu, mdomo wazi, macho yametulia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Halafu akaanza kuegemea upande, polepole, mzima mzima, kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana.

Nyang'au akamdaka kabla hajafika sakafuni. Na kwa sauti ile iliyozoea kushinda kelele za boila, akapaza:

"Imeganda! Woi, imeganda kabisa!"

Tulimbeba nje hadi barazani, tukamlaza kwenye benchi chini ya ukungu, Dolphine akimpepea kwa sinia na kumtukana kwa mapenzi. Ndani, spika zikasema maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia.

"Nimesikia. Imeganda mara ya tatu. Kwa mujibu wa sheria, mshindi ni Tabby wa..."

"Hapana!" Celine akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Hapana, Refa! Si kompyuta! Ni Uncle!"

Spika zikakwaruza.

"Ni nani?"

"Ni Uncle yangu, Refa. Yeye ndiye amehang!"

"Binti," akasema Mwalimu Kinyua taratibu, "nimefundisha ngeli kwa miaka thelathini na mitatu. Mtu ni *ameganda*. Kompyuta ni *imeganda*. Mimi nimesikia *imeganda*. Nimesikia vizuri, nusura nitoe hedifoni."

"Ni vile huyo mzee aliyepiga kelele huongea! Kwake kila kitu ni *i*!"

"Ni kweli, Refa!" Nyang'au akaingilia kutoka mlangoni, akitaka kusaidia. "Ogola imeanguka! Mimi mwenyewe imeshika yeye!"

"Hapo umeharibu zaidi," nikamwambia.

"Refa, si haki," akasema Tabby kwa spika, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mimi nataka kumshinda kwa barabara. Sitaki kumshinda kwa sarufi."

Refa akavuta pumzi, tukaisikia ikipita kaunti mbili. "Basi. Aliyeganda aje mwenyewe aseme kwamba ndiye aliyeganda. Mapumziko yanaisha kwa dakika nne. Asipokuja, uamuzi unabaki."

Tulikimbia barazani. Ogola alikuwa amefumbua macho, lakini miguu haikutaka kujua lolote. Kumrudisha katika tanuri lile Dolphine alikataa katakata, akasimama mlangoni na sinia lake kama mlinzi wa benki. Waya wa kipaza sauti haukufika mlangoni, na mjomba hakuweza kuifuata kompyuta, kwa hiyo ilibidi kompyuta imfuate mjomba.

Tulivuta ekstensheni na ule waya mrefu wa intaneti hadi nje. Wawili wakabeba skrini. Nyang'au, ambaye hushika milango ya boila kwa mikono, alishika kasha akaliachia akipiga mayowe. Lilikuwa la moto kama sufuria ya ugali! Ili libebeke, Celine alilivua kila kitu. Sweta likaruka huku, chupa ya maji kule, selotepu ikachanika vraaa, matambara yakatoka. Likawekwa barazani, kwenye stuli, ubavu kwa ubavu na mwenyewe, likawashwa upya. Ukungu ukawafunika wote wawili bila ubaguzi.

Zilibaki sekunde hamsini. Celine akaweka kipaza sauti mdomoni kwa mjomba wake.

"Uncle, sema."

Ogola akatutazama. Tulikuwa wote pale, wageni aliotualika mwenyewe, na majirani wengine waliovutwa na mayowe. Najua alichokuwa akikitafuta kichwani. Alitafuta sentensi ambayo ingemwokoa Celine bila kumtaja yeye. Kamusi yake yote, kuanzia A mpaka M, haikuwa nayo.

"Refa," akasema, sauti imekauka. "Naitwa Jackton Ogola. Aliyeganda ni... ni mimi."

"Sema sentensi kamili, mzee."

"Kompyuta haikuganda. Mimi ndiye niliyeganda."

"Vizuri. Na kwa kumbukumbu za mashindano, uligandishwa na nini?"

Ah, Mwalimu Kinyua! Mtu huyu alikuwa na ukatili wa walimu wote wazuri.

Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati. Mbali, chini ya mteremko, kiwanda kilikuwa kikivuma. Celine alimtazama tu mjomba wake kwa yale macho mekundu, mikono imeshaelekea kwenye kibodi.

"Joto," akasema Ogola.

"Rudia, wasikilizaji hawakusikia."

"Joto! Ni joto! Kitu kikipata joto sana kinaganda! Mmeridhika?"

Wasikilizaji mia mbili na kumi, na sisi wa barazani, tuliridhika kupita kiasi. Mtu mmoja alicheka hadi akashika mti.

"Uamuzi wangu naufuta," akasema refa. "Mbio za nne. Tayari?"

Sitawachosha na mbio zenyewe, kwa sababu nilichoona ni magari mawili madogo na vidole. Lakini nawaambia kompyuta ile, uchi katika baridi ya Kericho, ilikimbia kama ndama aliyefunguliwa! Haikuhema, haikukwama. Mbio za nne Celine alishinda kwa urefu wa gari. Za tano alishinda kwa urefu wa bampa, huku Tabby akipiga kelele, "Ai, ai, ai, wewe Celine, ulikuwa umeficha hii wapi?" Kisha Tabby mwenyewe akawa wa kwanza kumpongeza. Dolphine akampiga busu mpwa wao, akampiga na sinia mumewe, yote kwa furaha ileile.

Ogola aliketi kwenye benchi. Rangi ilianza kumrudia, na nikaona pia lile jambo lingine linarudi kifuani mwake, linavimba polepole.

"Lakini mkumbuke," akasema, "kama nisingeipasha moto siku tatu mfululizo, hii baridi isingeikuta ikiwa tayari..."

"Baba Shirley!"

Akanyamaza. Ila nadhani angeendelea kesho yake, na kesho kutwa, hadi hadithi yote igeuke kuwa ushindi wake, kama si ile taarifa ya matokeo. Mwalimu Kinyua aliiandika kwa mkono wake, ikasambaa simu hadi simu, na Jumatatu asubuhi mtu akaichapisha na kuibandika kiwandani, kwenye ubao wa matangazo ulio karibu na mashine ya kukaushia. Bado iko pale. Juu kabisa inasema Celine Amondi ameshinda na anakwenda Kigali. Chini, penye sehemu ya hitilafu, kuna mistari miwili ya Kiswahili sanifu, ngeli zake zote zimekaa sawa:

"Kompyuta: iliganda mara mbili.

Mjomba: aliganda mara moja."